Kutoka Simu hadi Sufuria: Majukwaa ya Kidijitali, Chakula cha Dharura na Mgonjwa Asiye na Simu

Tarehe 15 Aprili 2023 vita ilizuka katika jiji la Khartoum, Sudan, baina ya jeshi la taifa na kikosi cha RSF. Katika muda wa siku chache masoko yalifungwa, benki zikasitisha huduma, na hospitali nyingi zikashindwa kufanya kazi. Malori ya mashirika ya misaada hayakuweza kupita. Hata hivyo, katika mitaa mingi ya jiji hilo majirani walikusanyika, wakatafuta masufuria makubwa, wakapika dengu na maharage, na kuwagawia waliokuwa wamenaswa majumbani. Fedha za kununulia chakula hicho zilitoka kwa wanamtaa wenyewe na kwa ndugu zao walioko ughaibuni, nazo zilipitia kwenye simu. Orodha za kaya zenye uhitaji zilipangwa kwa simu vilevile.

Makala haya yanaeleza namna majukwaa ya kidijitali yanavyotumika kupanga chakula cha jamii wakati wa dharura, na yanawahusu zaidi watu wa makundi mawili: wahudumu wa afya na wagonjwa. Sababu ni kwamba chombo hicho chenye kasi kubwa kina upofu wake. Humwona kwanza mtu mwenye simu, mwenye chaji na mwenye nguvu ya kuandika. Aliye mgonjwa zaidi mara nyingi hana hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Jukwaa hufanya kazi gani?

Neno "jukwaa la kidijitali" lisimtishe msomaji. Kundi la WhatsApp la mtaa ni jukwaa. Menyu ya kutumia pesa kwenye simu ndogo ya vitufe ni jukwaa. Jedwali linalofunguliwa na watu kumi kwa pamoja, kila mmoja akiwa kwake, nalo ni jukwaa. Katika shughuli ya chakula vyombo hivi hufanya kazi nne.

Kazi ya kwanza ni kupokea taarifa: nani ana njaa, yuko wapi, na ni watu wangapi. Ya pili ni kukusanya fedha. Ya tatu ni kupanga: nani atanunua, nani atapika, nani atapeleka, na kaya ipi imekwisha kupata. Ya nne ni kutoa hesabu, ili aliyechangia aone risiti na picha ya magunia, na aliyepewa aweze kusema kama kilichoandikwa ndicho alichopokea.

Kazi hizi nne zilikuwepo kabla ya simu. Mjumbe wa shina alizifanya kwa daftari, na kamati ya msiba huzifanya hadi leo kwa kalamu na karatasi. Simu imeongeza kasi na umbali: mchango wa mtu aliyeko Muscat au London unaweza kufika Khartoum kabla maji ya dengu hayajachemka.

Safari fupi ya miaka kumi na tano

Afrika Mashariki ina nafasi ya heshima katika historia hii. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, Wakenya kadhaa waandishi wa mtandaoni na watengenezaji wa programu walianzisha Ushahidi, jukwaa lililopokea taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani. Jina hilo la Kiswahili lilienea duniani. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, teknolojia hiyo ilitumiwa pamoja na namba fupi ya bure, 4636. Wananchi walituma ujumbe mfupi kwa lugha yao, na Wahaiti waishio nje ya nchi walijitolea kuutafsiri. Maombi mengi yalikuwa ya maji na chakula. Hapo lilipatikana somo la kwanza: ombi lililowekwa kwenye ramani bado halijawa chakula. Pasipokuwa na mtu upande wa pili mwenye gunia na usafiri, ramani huonyesha njaa tu.

Mwaka 2011 ukame mkali uliikumba Pembe ya Afrika, na mwezi Julai Umoja wa Mataifa ukatangaza baa la njaa katika sehemu za Somalia. Nchini Kenya, wakazi wa Turkana na maeneo mengine ya kaskazini walikuwa katika hali mbaya. Kampeni iliyoitwa Kenyans for Kenya ilianzishwa mwezi huohuo, ikaweka lengo la kukusanya shilingi milioni 500 za Kenya, nayo ikalivuka. Wananchi wa kawaida walichangia kiasi kidogo kidogo kwa M-Pesa, huduma iliyokuwa na miaka minne tu tangu kuzinduliwa. Somo la pili lilikuwa hilo: haba na haba hujaza kibaba, iwapo njia ya kutuma haba hiyo ni rahisi na anayeipokea anaaminika. Katika kampeni hiyo aliyeaminiwa alikuwa Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya.

Sudan: nafiri, takaya na simu

Tukirudi Sudan, tunaona vyombo hivyo vikiwa mikononi mwa majirani wenyewe, bila kampuni kubwa wala ofisi ya serikali nyuma yao. Vijana waliokuwa katika kamati za mitaa tangu vuguvugu la mwaka 2018 na 2019 waliunda vikundi vilivyojulikana kama "vyumba vya dharura". Katika kila mtaa kikundi kilifanya kilichowezekana: kuhamisha watu, kutafuta dawa, kukarabati mabomba ya maji, na zaidi ya yote kuendesha majiko ya pamoja.

Mizizi ya kazi hiyo ni ya kale. Wasudani wana desturi ya *nafiri*, yaani mwito wa kufanya kazi kwa pamoja, kama vile kuvuna shamba la jirani aliyeugua. Msomaji wa Tanzania ataifananisha na msaragambo, na wa Kenya na harambee. Wana pia *takaya*, majiko ya kulisha wapita njia na maskini yaliyohusishwa tangu zamani na masheikh wa tarika za Kisufi. Mafuriko ya Khartoum ya Agosti 2013 yaliziunganisha desturi hizo na teknolojia kwa mara ya kwanza kwa kiwango kikubwa, pale vijana walipounda kikundi kilichojiita Nafiri na kutumia Facebook kuwaita wa kujitolea na kukusanya misaada. Miaka kumi baadaye, vita ilipoanza, watu walikuwa na ujuzi huo tayari.

Fedha taslimu zilikuwa adimu, kwa kuwa benki zilifungwa au kuporwa. Njia iliyobaki ni Bankak, programu ya simu ya Benki ya Khartoum. Ndugu aliyeko nje aliingiza fedha katika akaunti, mhusika wa jiko akazituma kwa mwenye duka, na mwenye duka akatoa dengu, mafuta na kuni. Aliyehitaji noti mkononi alibadilishiwa na wafanyabiashara kwa kukatwa sehemu ya fedha yenyewe.

Mapema Februari 2024 mitandao ya simu ilizimika katika sehemu kubwa ya nchi. Udhaifu wa mpango mzima ulijitokeza siku hiyohiyo: fedha zilikuwepo, chakula kilikuwepo kwa wachuuzi, lakini njia ya kuviunganisha ilikuwa imekatika. Majiko mengi yalilazimika kufungwa. Katika baadhi ya maeneo watu walitumia intaneti ya setilaiti ya Starlink, wakilipia kwa muda waliotumia, ili tu wapate ujumbe kwamba fedha zimeingia.

Tarehe 1 Agosti 2024 kamati ya wataalamu wa uchambuzi wa usalama wa chakula ilithibitisha kuwa baa la njaa lilikuwepo katika kambi ya Zamzam, karibu na mji wa El Fasher, Darfur. Mwezi huohuo serikali ya Sudan ilitangaza mlipuko wa kipindupindu. Kisha Januari 2025 Marekani ilisimamisha ghafla misaada yake ya nje, na mamia ya majiko ya jamii yaliyokuwa yameanza kutegemea fedha hizo yakafunga. Wafanyakazi wake wa kujitolea wamekamatwa, na baadhi yao wameuawa. Mwaka 2025 vyumba vya dharura vilipewa Tuzo ya Rafto ya Norway.

Kwa wahudumu wa afya, Sudan inafundisha mambo mawili. Jamii yenye uaminifu wa ndani huweza kulisha watu pale ambapo taasisi kubwa haziwezi kufika. Na mpango unaotegemea simu peke yake hufa siku mtandao unapokufa, hivyo kila orodha iliyo kwenye simu inahitaji ndugu yake wa karatasi.

Nani haonekani kwenye simu?

Tuchukue mfano wa kufikirika wa mtaa wenye kaya 200 uliokumbwa na mafuriko. Kundi la WhatsApp la mtaa lina wawakilishi wa kaya 120. Kamati inatangaza saa mbili usiku kwamba wenye uhitaji waandike majina yao. Kufikia asubuhi majina 70 yameandikwa. Kamati inafurahi, inanunua unga, inagawa, inatuma picha. Kwa hesabu ya simu, kazi imekamilika.

Sasa tuhesabu upya. Kaya 80 hazikuwamo katika kundi tangu mwanzo. Humo yumo bibi anayelea wajukuu watatu na ambaye simu yake ndogo haina intaneti. Yumo mpangaji aliyehamia mwezi uliopita. Yumo aliyelazwa na kiharusi, ambaye simu ya nyumbani hushikwa na mtu mwingine. Yumo mama aliyejifungua juzi. Na hata miongoni mwa waliomo kundini, yumo anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye hatajitokeza kuomba mbele ya macho ya majirani 120. Kaya nyingine zenye vijana wachangamfu zimejiandikisha katika orodha tatu: ya mtaa, ya msikiti na ya kanisa.

Hakuna aliyedanganya wala kuiba. Chombo kilipokea taarifa kutoka kwa walioweza kuzituma, basi. Ndiyo sababu orodha ya kuaminika huanzia mlangoni, na simu hufuata baadaye ili kuitunza na kuiharakisha. Wajumbe wa mashina na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapite nyumba kwa nyumba, waandike kwenye daftari, kisha mtu mmoja aingize majina kwenye jedwali. Kila kaya ipewe namba moja tu, itakayotumiwa na mtaa, msikiti na kanisa kwa pamoja. Njia hii huchukua siku moja au mbili zaidi, lakini humfikia bibi na mgonjwa wa kiharusi.

Mhudumu wa afya na orodha ya chakula

Mhudumu wa afya anayepita mlangoni anabeba vitu ambavyo kamati haina. Cha kwanza ni utepe wa kupimia mzingo wa juu wa mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kipimo cha chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Kuanzia sentimita 11.5 hadi chini ya 12.5 ni utapiamlo wa kadiri. Mtoto aliyevimba miguu yote miwili, na ngozi ikabaki na shimo inapobonyezwa kwa kidole, ana utapiamlo mkali hata kama utepe unaonyesha rangi ya kijani. Watoto wa namna hiyo wapelekwe kituo cha afya wakapate chakula tiba. Sahani kubwa zaidi ya ugali kwenye jiko la mtaa haiwatibu.

Cha pili ni ujuzi wa kiasi. Viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu hukadiria kuwa mtu mmoja anahitaji wastani wa kilokalori 2,100 kwa siku. Mgawo unaotumika sana kwa mtu mmoja kwa siku huwa na nafaka gramu 400, kunde gramu 60 na mafuta gramu 25, pamoja na chumvi yenye madini joto na, inapowezekana, unga wa lishe ulioongezwa virutubishi. Kwa kaya ya watu watano kwa siku 30, hiyo ni nafaka kilo 60, maharage kilo 9, na mafuta kama lita 4. Kamati inayotangaza kuwa "kila familia imepata kilo tano za unga" inapaswa kujua kuwa kwa familia hiyo ya watu watano unga huo ni wa siku mbili na nusu. Ni vizuri kutoa. Ni vizuri zaidi kujua lini sufuria litakuwa tupu tena.

Cha tatu ni tahadhari kwa aliyekaa na njaa muda mrefu. Mtu ambaye kwa siku nyingi hajala au amekula kidogo mno, akipewa ghafla mlo mkubwa wa wanga, madini ya fosfati, potasiamu na magnesiamu yanaweza kushuka kwa kasi katika damu yake, na moyo ukashindwa kufanya kazi sawasawa. Mtu wa namna hiyo aanze kwa kiasi kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, chini ya uangalizi wa kituo cha afya.

Cha nne ni sauti kuhusu watoto wachanga. Katika kila kampeni ya mtandaoni hutokea mtu mwema anayetangaza kukusanya maziwa ya kopo kwa ajili ya watoto. Kampeni hiyo izuiwe kwa upole. Panapokosekana maji safi na kuni, maziwa ya kopo huleta kuhara na vifo, na mama anayeyapokea bila sababu ya kitabibu huweza kupungukiwa na maziwa yake mwenyewe. Mchango bora ni chakula na maji ya ziada kwa mama anayenyonyesha. Mtoto aliyempoteza mama, au ambaye mama yake hawezi kunyonyesha, ashughulikiwe na mhudumu wa afya mmoja mmoja.

Mgonjwa na dawa zake wakati wa upungufu

Njaa huharibu tiba kimyakimya. Mgonjwa hupunguza dawa kwa sababu hana chakula, haongei, na baada ya wiki chache analetwa akiwa mahututi. Haya yafuatayo ni ya kujua.

Anayetumia insulini, au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi, yuko katika hatari ya sukari kushuka kupita kiasi akikosa mlo. Dalili ni kutetemeka, jasho jingi, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Akiwa na fahamu, apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, apimwe au aangaliwe tena baada ya dakika 15, kisha apate chakula. Akiwa hana fahamu, asilazimishwe kumeza chochote, awahishwe hospitali. Jambo la pili lina uzito uleule: mwenye kisukari cha aina ya kwanza asiache insulini kabisa hata chakula kikipungua. Kipimo chake kirekebishwe na mtaalamu, na kwa hili simu ni msaada mkubwa, kwani ushauri unaweza kutolewa bila safari.

Kuhusu dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, wengi wanaamini kuwa haziwezi kumezwa pasipo chakula, hivyo huziacha siku za njaa. Dolutegraviri, dawa iliyomo katika mseto unaotumiwa na wengi siku hizi, inaweza kumezwa pamoja na chakula au bila chakula. Anayetumia dawa za kifua kikuu naye asikatishe matibabu. Akipata kichefuchefu aulize kituo chake. Kwa upande mwingine, dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huweza kuumiza tumbo tupu, na metformini huvumilika vizuri zaidi ikimezwa wakati wa mlo.

Kwa hiyo mgonjwa akifikiwa na kamati ya chakula, ana neno moja la kusema: "Nahitaji kula kwa saa maalumu," au "Nahitaji chakula laini," au "Nahitaji chakula chenye chumvi kidogo." Halazimiki kutaja ugonjwa wake.

Orodha ya mahitaji, siyo orodha ya magonjwa

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Kituo cha afya kinajua majina ya wagonjwa wa mtaa. Kamati ya chakula inawatafuta watu dhaifu. Ni rahisi sana, kwa nia njema kabisa, muuguzi akapiga picha ukurasa wa rejesta na kuituma kwenye kundi. Picha hiyo haiwezi kurudishwa. Mgonjwa aliyetajwa humo anaweza kupoteza ndoa, chumba cha kupanga au kazi, na wengine wataacha kuja kliniki wakiogopa kutajwa. Gunia la unga halilipi hasara hiyo.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Dharura haiziondoi sheria hizi, na kabla ya sheria kulikuwa na kiapo cha taaluma.

Njia salama ipo na ni nyepesi. Mhudumu wa afya amwombe mgonjwa ridhaa faraghani, akimweleza nani ataiona taarifa yake. Mgonjwa akikubali, namba ya kaya yake ipelekwe kwa kamati pamoja na hitaji tu: "mgawo kamili", "chakula laini", "kupelekewa nyumbani". Sababu ibaki kituoni. Mgonjwa akikataa, mhudumu amtafutie njia nyingine, kama vile kumpa chakula siku ya kliniki. Mwenye kupeleka chakula asiwe na mfuko, fulana wala gari lenye alama ya ugonjwa fulani. Na picha za kutoa hesabu kwa wachangiaji zionyeshe magunia, risiti na masufuria. Sura za watu waliopanga foleni hazihitajiki.

Jikoni na kwenye pochi ya simu

Jiko linalolisha watu 300 linaweza kuwaharisha watu 300. Waliopika waoshe mikono kwa sabuni, na anayeharisha asishike chakula. Nyama mbichi itengwe na chakula kilichoiva. Maji ya kunywa yachemshwe au yatibiwe kwa klorini. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida; kikisubiri kugawiwa kibaki cha moto, zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi, na kiporo kipashwe hadi kitokote. Ujumbe wa simu husaidia hapa pia: kila kikundi cha kaya kikitajiwa saa yake ya kufika, chakula hakipoi na foleni haisongamani, jambo la lazima wakati wa kipindupindu.

Upande wa fedha, kila dharura huzaa matapeli. Kila Mtanzania mwenye simu amewahi kupokea ujumbe wa mtu asiyemjua ukisema ile hela itumwe kwenye namba hii. Kamati itangaze namba moja tu ya kupokelea michango, iliyosajiliwa kwa jina linalojulikana, na jina hilo libandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, msikitini na kanisani ili anayechanga alilinganishe kabla ya kutuma. Watu wawili wathibitishe kila malipo, na hesabu isomwe hadharani kila wiki. Mpokeaji naye ajue kuwa msaada wa kweli hauombi namba ya siri, wala haudai ada ya kuandikishwa.

Maandalizi kabla ya siku yenyewe

Maporomoko ya tope yaliyoupiga mji wa Katesh, wilayani Hanang, asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, hayakutoa nafasi ya kuanza kufahamiana. Mtaa unaotaka kuwa tayari ufanye mambo machache wakati wa utulivu. Daftari la kaya lihuishwe kila baada ya miezi sita, na nakala yake ya karatasi ihifadhiwe mahali pakavu na salama. Kila mtu asiye na simu awe na jirani wa kumsemea, aliyemchagua mwenyewe. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii awe mjumbe wa kamati ya maafa. Wenye masufuria makubwa na wenye maduka wajulikane mapema, na pawe na makubaliano ya kutoa chakula kwa mkopo mtandao ukizimika, kwa kuandikiana.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Aandike kwenye karatasi ndogo majina ya dawa zake na vipimo vyake, na aitunze pamoja na kadi ya kliniki. Ahifadhi namba ya simu ya kituo chake mahali pengine zaidi ya kwenye simu. Awe na akiba ya dawa kadiri kituo kinavyoruhusu. Na amchague mtu mmoja anayemwamini ambaye, siku ikifika, atabisha hodi kwa kamati na kusema kwa niaba yake: "Kuna mtu humu ndani ambaye hamjamwona."